Alama za maji kwenye lami

Mpwa wangu ameanza kuendesha baiskeli bila kushikwa. Jana, akiwa bado anahema, akaniuliza: "Mjomba, nikitaka kwenda kulia nafanyaje?" Nilikuwa nimeshafungua kinywa kumwambia ageuze usukani kulia, nikanyamaza. Nilimkumbuka Babu, mzee wa msafara wetu wa baiskeli, na lile dimbwi.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Msafara ulisimama kumsubiri Dada Mkubwa, aliyepata pancha, na kwetu pancha ya mmoja ni baraza la wote. Fundi alikuwa anapapasa ndani ya tairi kwa ncha za vidole akitafuta mwiba. (Mnaoanza, msirudishe tyubu kabla ya kufanya hivyo. Mwiba ule ule utaitoboa tena.) Wengine walikuwa wanamtania kwamba ana mikono ya mkunga. Ndipo Babu, bila kuulizwa na mtu, akasema:

"Nyinyi wote hamjui mnavyokata kona. Anayetaka kwenda kulia huanza kwa kwenda kushoto."

Kicheko kikalipuka. "Babu, jua limekuwahi leo," Fundi akasema. Dada Mkubwa naye: "Shikamoo Babu, lakini hapo umetupiga kamba."

Hakubishana. Alipanda baiskeli, akaenda mbali kidogo, akageuza na kuja kwa kasi. Akapita katikati ya dimbwi, akakata kulia. Sehemu kubwa ya lami ilikuwa imeshakauka, kwa hiyo matairi yake yaliacha alama za maji nyuma yake. "Njooni msome," akaita.

Tulipiga magoti barabarani, watu wazima na helmeti zetu. Alama zilikuwa mbili, nyeusi, na kingo zake zilikuwa zinaanza kufifia kwa jua. Haikuwa kazi kuzitofautisha, kwa kuwa tairi la mbele la Babu lilikuwa na mistari, na la nyuma lilikuwa limelika hadi likawa laini. Kutoka dimbwini zilikwenda pamoja, moja juu ya nyingine. Kisha ile yenye mistari ikajitenga. Ikasogea kushoto, upana wa vidole viwili hivi, na baada ya hapo ndipo ikapinda kulia. Fundi aliifuata kwa kidole kuanzia mwanzo hadi mwisho, akarudi, akaifuata tena. Hakuna aliyecheka.

"Umefanya makusudi," akasema hatimaye.

Basi akatumwa Dada Mkubwa, ambaye tairi lake lilikuwa limeshajazwa upepo. Alipita dimbwini, akakata kona yake ya kawaida, akarudi akiapa kwamba hakusukuma chochote kushoto. Lami ilisema vingine.

Babu alitueleza. Gurudumu la mbele likienda kushoto kidogo, matairi yanatoka chini ya uzito wako, nawe unaanza kuangukia kulia. Hapo usukani unafuata kulia na kukudaka, na hiyo ndiyo kona yenyewe. Akatuambia tujaribu kwenye njia iliyonyooka, tukiwa na kasi: viganja wazi, bila kushika, halafu mkono wa kulia usukume mbele taratibu. Nilisukuma. Baiskeli ikalala kulia na kwenda kulia, na nywele zikanisimama. Nilikuwa nimefanya jambo hilo maisha yangu yote na mikono yangu haikuwahi kuniambia.

Safari iliyofuata, kijana wetu mdogo alikuja na habari. Wilbur Wright, ambaye yeye na nduguye Orville walikuwa na duka la baiskeli huko Dayton, Marekani, kabla ya kurusha ndege mwaka 1903, naye aliwahi kuwauliza waendesha baiskeli jinsi wanavyokata kona, na hakumpata aliyeweza kueleza sawasawa. Akaongeza kwamba mwaka 2011 watafiti walichapisha kwenye jarida la Science habari za baiskeli waliyoiunda makusudi bila zile sababu mbili ambazo vitabu vilizitaja siku zote kuwa ndizo zinazoisimamisha. Wakaisukuma bila mpanda, ikaenda yenyewe wima. Tulibishana njia nzima hadi mlimani, ambako pumzi ziliamua kwa niaba yetu.

Sijui kama kujua kumenifanya mwendeshaji bora. Nikikutana na shimo la ghafla nasukuma mkono mmoja na nalikwepa upesi kuliko zamani, hilo nina hakika nalo. Lakini mwanafunzi ukimweleza mapema mno, huenda akaanza kuifikiria mikono yake na kuanguka. Ninachokithamini zaidi ni kwamba siku ile hakuna aliyemkubali Babu kwa sababu ya umri wake, wala aliyemkataa kwa sababu hiyo. Tulishuka chini tukatazama.

Fundi bado anashikilia kwamba yeye hukata kona kwa kiuno, wala si kwa mikono. "Kiuno chako kinausukuma usukani bila kukuaga," Babu humjibu. Juzi Fundi amefunga tairi jipya la mbele lenye mistari minene, na anasubiri mvua.