Zawadi ya shangazi

Shangazi yangu anakusanya leso, yaani khanga. Anazipanga sandukuni doti kwa doti, maandishi yakitazama juu, na ukimpelekea leso yoyote tu huenda anayo tayari. Kwa hiyo mwaka huu nilimwomba binti yake anipigie picha za sanduku lote. Majina tele, yale maandishi ya leso: ya mapenzi, ya mafumbo, ya dua. Lakini kisutu, ile leso ya maharusi, hakuna hata kimoja!

Nikaenda Biashara Street, Mombasa, nikachagua kimoja, chekundu, cheusi na cheupe, kisicho na jina. Fundi alitaka kukikata na kukipinda, nikakataa. Doti ya kuweka huachwa nzima.

Shangazi alikikunjua, akapapasa pindo polepole. "Nani kakwambia sina hiki, mwanangu?" Furaha yake ile, jamani!