Rezista kwa mfuatano, swichi ya bei rahisi

Nilihitaji chanzo cha mkondo thabiti chenye viwango vinne: miliampea 1, 10, 100 na ampea 1. Nilitaka kujaribia LED na kupimia ukinzani mdogo wa koili za mota, ule ambao multimita ya kawaida huusoma ovyo. Saketi ya msingi haikunisumbua. TL431, chipu ya volti ya rejea, inatoa volti 2.5, nikazigawa ikabaki 1. Opampu ya LM358, chipu inayokuza tofauti ya volti mbili, inailinganisha na volti ya rezista ya kupimia, ambayo mkondo wote huipitia, kisha inaendesha mosfeti, transista inayoongeza au kupunguza mkondo huo. Ningetumia volti 0.1 joto lingepungua, lakini LM358 inaweza kukosea hadi milivolti 7, na hiyo ingekuwa asilimia 7 nzima. Nikabaki na 1.

Shida ilikuwa swichi ya kuzungusha, ile ya kuchagua rezista ya kila kiwango. Nilipitisha ampea 1 kwenye kontakti zake nikapima: milivolti 30. Nikaizungusha na kuirudisha: 60. Kwenye kiwango cha ampea 1, ambapo rezista yenyewe ni omu 1, hizo ni asilimia 3 hadi 6, tena zisizotulia.

Fundi mkongwe niliyekuwa nikifanya naye kazi alitikisa kichwa. "Kijana, tafuta swichi nzuri, mambo yaishe."

"Mzee, naomba kwanza niichore upya."

Nikazipanga rezista kwa mfuatano kuanzia upande wa ardhi (volti 0 ya saketi): omu 1, 9, 90, 900. Opampu nikaiunga moja kwa moja kileleni. Swichi ikabaki na kazi moja tu, kuchagua mkondo uingilie wapi. Ukiingilia juu ya omu 1, unashukia humo. Rezista za juu hazipitishi kitu ila nanoampea za opampu, kwa hiyo volti ya kileleni ni ile ile ya omu 1. Kontakti zimetoka nje ya kipimo! Zipoteze 30 au 60, opampu inafidia kwenye geti, mguu unaoidhibiti mosfeti. Ni mpangilio wa zamani wa galvanomita (kipima mikondo midogo), unaobeba jina la mwanafizikia Mwingereza William Ayrton, na hadi leo naupenda kuliko saketi nyingi ninazozijua.

Swichi yenyewe ni ya aina inayoshika kituo kipya kabla ya kuachia cha zamani. Bila hivyo, katikati ya vituo opampu ingefungua mosfeti yote, na mkondo ukirudi LED ingepigwa na ampea nyingi ghafla.

Omu 9, 90 na 900 ni nadra, ila 18, 180 na 1,800 ni za kawaida. Nikaziunga mbili mbili sambamba. Omu 1 nikaipata kwa rezista kumi za omu 10, kila moja ikibeba wati 0.1 tu.

Tulipowasha, Mzee mwenyewe aliizungusha swichi mbele na nyuma, macho kwenye multimita. Ampea 1 ikarudi palepale kila mara. Akainuka, akaleta mota iliyokuwa imemshinda.

"Haya, tuanze na hii."