Mrejesho wa mradi: aluminiamu ya M13

Wadau, kwenye ule mradi wangu wa kupima elementi zilizomo kwenye nyota, M67 nimemalizana nayo. Ile ilikuwa ya kujipima tu kama hesabu zangu ziko sawa, ni kundi la nyota lenye umri wa kama miaka bilioni 4 na chuma chake kinakaribiana sana na cha Jua. Nikatumia data za Gaia, darubini ya angani ya Ulaya, kubakiza nyota za kundi lenyewe tu, na zilizobaki zote zikakaa karibu na sifuri pale pale (kipimo ni cha logi, sifuri maana yake sawa na Jua). Safi.

Sasa nimeingia M13, kundi jingine la nyota, la duara na la kale, na hapa ndo penye utamu. Spektra, yaani mwanga wa nyota uliotandazwa kwa mawimbi yake, ni zile zile za APOGEE, chombo kilichofungwa kwenye darubini ya mita 2.5 kule Apache Point, New Mexico, kinachambua mwanga wa infraredi wa nyota mpaka 300 kwa mpigo, na kila kitu kimewekwa wazi bure, wewe bando lako tu. Chuma cha M13 ni -1.5, yaani kama sehemu moja ya 30 ya kile cha Jua, na nyota zote zinakubaliana hapo. Ila ukija kwenye aluminiamu kila moja na lake!

Nimechukua majitu mekundu mawili, yaani nyota zilizozeeka na kuvimba, yenye joto karibu sawa nikayalaza kwenye grafu moja, pale kwenye nanomita 1672 na 1675. Moja mstari wa aluminiamu (alama ya giza ambayo elementi huiacha kwenye spektra) umezama haswa, jingine unaonekana kwa mbali tu, na chuma ni kile kile jamani. Kwa kundi zima tofauti inapita mara 10, halafu zile zenye aluminiamu nyingi kabisa ndo magneziamu yake imepungua. Maana yake magneziamu iligeuzwa aluminiamu, kazi inayotaka joto la kama digrii milioni 70, na hizi nyota za uzito mdogo tunazoziona leo hazina ubavu huo, kwa hiyo ile gesi zilimozaliwa ilishachanganywa na nyota nzito zilizotangulia. Ni nyota gani hasa, wataalamu bado wanavutana, na kwa nilivyosoma mimi kila nadharia inapwaya mahali.

Kinachofuata nataka nipime mistari mwenyewe nisitegemee namba zilizokwisha kukokotolewa, kisha nihamie Omega Centauri, kundi jingine kubwa la nyota, ambako hata chuma chenyewe kinatofautiana nyota kwa nyota. Ile hata huku Tanzania unaiona kwa macho, mwezi wa tano jioni, angalia kusini penye giza la kutosha.