Meno Yangu Hayakuwa Mafupi

Katika picha zote za harusi ya mdogo wangu, kiganja changu kiko mdomoni. Tangu darasa la sita, mvulana mmoja aliponiita Fizi na jina likanata, nilizoea kucheka nimejiziba kwa mkono au ncha ya mtandio. Bibi yangu wa Tanga alinisifu siku zote: "Mjukuu wangu ana ufizi mweusi, uzuri huo haununuliwi." Sikumsikia. Mimi niliona ufizi mpana na vijino kama vya mtoto.

Miaka mitatu iliyopita niliingia kliniki moja hapa Dar es Salaam. Sikupimwa chochote. Nikachomwa ganzi, ufizi ukapunguzwa kwa leza, nikatoka na furaha yangu. Miezi minne baadaye ufizi umerudi pale pale. Nililia. Fedha ile niliidunduliza mwaka mzima, na bima ilishakataa kulipia kwa kuwa ni urembo.

Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenielekeza kwa daktari bingwa wa fizi, mama mmoja mtulivu. Alianza kwa kuniuliza kama natumia dawa za kifafa au za shinikizo la damu, maana fenitoini, nifedipini na amlodipini huweza kuunenepesha ufizi. (Kama unazitumia, usiziache mwenyewe, rudi kwa daktari aliyekuandikia.) Situmii. Akapima mdomo wa juu nikiwa nimetulia, kutoka chini ya pua hadi ukingoni: milimita 21, wa kawaida kwa mwanamke. Nikicheka haukupanda kupita kiasi. Akanitazama uso kwa ubavu, akaangalia eksirei: taya la juu halikuwa refu.

Mwisho akachukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, akakipenyeza polepole kati ya ufizi na jino la mbele. Nikasikia kikigota kwenye kitu kigumu. "Jino linaloonekana ni milimita 7," alisema, "lakini huku ndani bado naligusa, linafika 10 na nusu. Meno yako si mafupi, mwanangu. Yamefunikwa."

Maneno hayo niliyarudia kwenye daladala hadi nyumbani.

Jino likishaota, ufizi hutakiwa kujivuta wenyewe hadi karibu na shingo ya jino. Wangu haukujivuta, na mfupa nao ulikuwa umesogea mno pale enameli, lile ganda gumu la nje ya jino, inapoishia. Kati ya ukingo wa ufizi na mfupa mwili hutaka nafasi ya kama milimita 3. Ukikata ufizi ukauacha mfupa, ufizi utaota tena mpaka uipate nafasi yake. Ndiyo maana ile leza ilikuwa kazi bure. Tatizo lingekuwa mdomo unaopanda sana, ningeambiwa habari za sindano ya botoksi, ile ya kulegeza misuli, ambayo nguvu yake huisha baada ya miezi michache. Lingekuwa taya, huo ni upasuaji mkubwa wa hospitali. Kwa hiyo nakusihi, ndugu yangu: asiyekupima asikukate.

Hata yeye hakunikata siku ile. Kwanza alinisafisha ugaga, nikapiga mswaki vizuri mwezi mzima mpaka ufizi ukaacha kutoa damu.

Siku ya upasuaji, kazi ilichukua saa moja na nusu, meno manane ya mbele. Ganzi ilishika, nilisikia maji na mtetemo tu alipokuwa akiuchonga mfupa. Wiki ya kwanza mdomo ulivimba, nikaishi kwa mtori na uji wa ulezi uliopoa. Mswaki haukugusa mbele. Nilisukutua klorheksidini asubuhi na jioni, ikaniachia madoa ya kahawia kwenye meno, akayasafisha baadaye. Siku ya 10 nyuzi zikatolewa.

Kitu ambacho sikujiandaa nacho ni rangi. Ukingo mpya ulikuwa wa waridi, ule weusi umeondoka na kipande kilichokatwa. Nilimkumbuka bibi, nikaumia kweli. Ila taratibu, mwezi baada ya mwezi, weusi ulianza kurudi.

Nikicheka sasa ufizi unaonekana milimita 2 hivi, na daktari alikataa kukata zaidi ya hapo. Idi iliyopita nilikwenda Tanga. Bibi alivaa miwani, akanishika kidevu, akaniambia, "Hebu cheka." Akachungulia kwa muda. "Upo," akasema. "Mweusi wangu bado upo."

Tukapigwa picha. Mikono yangu yote miwili imemkumbatia yeye.