"Fundi yupo?" Siku moja ya fundi wa kike gereji

Saa 2 asubuhi. Mteja anashusha kioo cha Toyota IST yake, anampita kwa macho mwanamke mwenye ovaroli na kumwita dogo anayejifunza kazi: "Fundi yupo?" Hapo kazi yenyewe imeshaanza kuharibika. Dogo anaambiwa breki zinalia, wala haulizi zinalia lini. Zikilia asubuhi mara mbili tatu kisha zikanyamaza, mara nyingi ni unyevu na kutu nyepesi kwenye diski. Zikilia kila ukikanyaga, huenda pedi za breki zimekwisha. Atakayefungua gurudumu ni yule dada, na swali hilo hakupata kuliuliza. Bora mwenye gereji aseme palepale: "Gari lako analo huyu, mweleze yeye."

Saa 3. Nati za gurudumu zimekaza. "Waachie wanaume hiyo." Lakini nati hulegezwa gari likiwa bado chini, tairi lisizunguke: unavisha bomba kwenye mkono wa spana kuuongeza urefu, kisha unakandamiza kwa uzito wa mwili. Mwanamume asiyejua hili naye hushindwa, ila kwake lawama huenda kwa nati.

Saa 4, chapati. Nani katumwa? Usihukumu kwa siku moja, hesabu wiki nzima. Zamu ikibandikwa ukutani, ubishi unakwisha.

Saa 6. Pedi zimebaki milimita 2. Fundi anasema zibadilishwe. Mteja anamgeukia dogo: "Eti kweli?" Dogo anarudia maneno yaleyale, mteja anakubali. Hili ndilo gumu kulishika, maana hakuna aliyetukana. Dogo aliyefundwa hujibu, "Aliyepima ni yeye." Kuweka pedi ya zamani kando ya mpya nako husaidia, japo fundi wa kiume haombwi ushahidi huo.

Saa 9. "Unajitahidi, kwa mwanamke." Badilisha neno la mwisho liwe mwanamume. Likichekesha, umeshaiona dharau.

Saa 10, usaili wa fundi mpya. Kijana anaulizwa injini, binti anaulizwa kama ameolewa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa jinsia, ujauzito na hali ya ndoa, hata kwa mwombaji kazi.

Saa 11. Kabla gari halijaondoka, breki zikanyagwe mara kadhaa mpaka pedeli iwe ngumu, kwani pistoni zinazosukuma pedi zilirudishwa nyuma ili pedi mpya ziingie. Hilo mteja aelezwe na aliyefunga pedi, na ufunguo aupokee mkononi mwake.