Salfeti Haitoroki

Kazi ninayoifanya baada ya shahada ya uzamivu (neno lililotokana na kuzama, nami siwezi kulilalamikia kwa kuwa ninachokichunguza kiko chini ya bahari) inahusu methani, gesi inayozalishwa ndani ya mashapo (tope lililotuama sakafuni mwa bahari), ambayo sehemu yake kubwa huliwa kabla haijafika kwenye maji.

Wanaoizalisha ni arkea, vijidudu vya seli moja vinavyofanana na bakteria, wanaoishi kwenye tope lisilo na oksijeni, chini ya tabaka ambalo salfeti ya maji ya bahari (chembe za salfa na oksijeni zilizoyeyuka humo) imekwisha kutumika. Methani hupanda, salfeti hushuka, na zinapokutana zote mbili hutoweka. Vipimo vya kemia vilidokeza jambo hilo tangu miaka ya 1970, lakini walaji wenyewe walionekana waziwazi mwaka 2000, katika mashapo ya Hydrate Ridge, nje ya pwani ya Oregon: vishada vidogo vya arkea vilivyozungukwa na bakteria wanaopumua salfeti kama sisi tunavyopumua oksijeni. Arkea huichambua methani, na bakteria huzipokea elektroni.

Nilipoanza niliziamini mno namba za methani. Tope linapopandishwa kutoka kina kirefu, shinikizo hupungua na gesi iliyoyeyuka hutoka kwa mapovu kabla hatujaifunga chupani, hivyo tunachokipima mara nyingi ni mabaki tu. Salfeti haitoroki. Huanza na takriban milimoli 28 kwa lita na kupungua kadiri tunavyoshuka, na ukali wa mteremko huo, pamoja na kasi ya salfeti kupenya kwenye tope, hutuwezesha kukadiria methani inayoliwa, kwa kuwa molekuli moja ya methani hutumia molekuli moja ya salfeti. Hata hivyo, sehemu ya salfeti hutumika kuozesha mabaki ya viumbe, kwa hiyo napendelea kukiita kiwango hicho kikomo cha juu, ingawa mchoro hupendeza zaidi tukilinyamazia jambo hilo.

Kinachonisumbua zaidi ni muda. Nishati wanayoigawana washirika hawa ni ndogo kiasi kwamba huchukua miezi kuongezeka maradufu, ilhali mkataba wangu ni wa miaka 2. Chupa nilizozijaza tope mwanzoni mwa mkataba zinaonyesha salfaidi, kinachobaki salfeti ikishapumuliwa, ikipanda kwa kiasi ambacho bado hakijazidi kosa la kipimo. Juzi nilizifungua kwa sindano, nikachukua matone machache, nikazirudisha gizani.