Milimani Mwanza watu hawajakosa elimu ya usafi, wamekosa pa kupeleka taka

Kila kampeni ya mazingira ikija huku kwetu inaanza na elimu. Wananchi waelimishwe, wananchi wabadilike. Mimi naishi Igogo na hili linaniuma kweli, maana mama wa Igogo anajua ubaya wa taka kuliko huyo anayekuja kumfundisha, yeye ndo analala nazo, yeye ndo anafukuza nzi kwenye sahani ya mtoto, na kipindupindu kikiingia mtaani hakianzii kwa mwenye semina.

Kwa asiyeijua Mwanza, hili ni jiji la mawe. Igogo, Mabatini, Bugarika, mpaka kule Kilimahewa nyumba zimebanana juu ya majabali na njia nyingi ni vichochoro vya kupita mtu mmoja tena kwa mguu, hapa unashika ukuta wa jirani pale unaruka mfereji. Gari la taka haliwezi kupanda. Linasimama chini barabarani linapiga honi, na mama ana mtoto mgongoni, uji uko jikoni, ashuke na kiroba kichwani akifika gari limeshaondoka, sasa akirudi nacho atakiweka wapi na anaishi chumba kimoja? Kinasubiri mvua. Ikinyesha usiku unasikia kabisa watu wanamwaga korongoni, wengine wanatapisha na vyoo hukohuko, maji yanashusha kila kitu, ya Mabatini yanaingia Mto Mirongo, ya kwetu yanatelemka moja kwa moja, yote yanaishia ziwani. Ziwa hilohilo tunalovua sato na dagaa, ziwa hilohilo chanzo cha maji ya bomba kipo pale Capri Point. Halafu magugu maji yakizidi tunashangaa, wakati uchafu wetu ndo mbolea yake.

Kwa hiyo ukiniuliza kampeni gani inafanya kazi kwa watu wa hali ya chini nakujibu ile inayopunguza huo mzigo. Mfano mzuri tunao, mradi wa majitaka wa MWAUWASA, mamlaka ya maji na usafi wa mazingira hapa Mwanza. Walipitisha mabomba membamba katikati ya nyumba na mawe, yanafuata mteremko wenyewe mpaka kwenye bomba kubwa chini, Igogo na Kilimahewa yamefika. Mikutano ilikuwepo ndiyo, ila mzee mmoja jirani yetu alikataa kwenye mikutano yote, kilichomgeuza ni kuona nyumba ya pili yake masika yamepita choo hakijajaa na hakuna harufu. Alikwenda kuulizia utaratibu mwenyewe, hakuna aliyemfuata.

Na hapo kuna jambo wapanga kampeni wengi wanalipita. Huku wengi ni wapangaji. Mpangaji unaweza kumhubiria choo bora mpaka asubuhi, hana mamlaka hata ya kusogeza tofali, mwenye nyumba anakaa Buswelu au Nyegezi huko anakuja kuchukua kodi tu. Ukitaka choo kibadilike mtafute mwenye nyumba, mjumbe na mwenyekiti wa mtaa wanawajua wote.

Pesa nayo. Mtu wa kibarua pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, anayebeba magunia au anayeanika dagaa, anapata hela ya leo anakula leo. Ukimwambia ada ya taka ni ya mwezi kwa mkupuo, mwisho wa mwezi hana, linakuwa deni, anaanza kumkimbia mkusanyaji na taka zinarudi korongoni. Vijana wa mtaani wanaopanda nyumba kwa nyumba na kubeba kiroba chako mgongoni ukawapa kidogo palepale, hao watu wanawalipa, tena wanawaita kwa majina. Hata muda, yaani unaita mkutano wa akina mama saa nne asubuhi wakati wametoka alfajiri kwenda kutafuta, utampata nani zaidi ya wajumbe na watoto?

Niliwahi kuona wageni wamekuja na tisheti mpya na mabango, tukafanya usafi nao vizuri tu, taka zikarundikwa kando ya barabara, picha zikapigwa. Gari la kuzoa halikupangwa. Mvua ikaja ikazirudisha zote mferejini na watu waliojitolea siku ile ukiwaita tena hawatoki, na mimi siwalaumu hata kidogo.

Katazo la mifuko ya plastiki la tarehe 1 Juni 2019 lilishika kwa sababu halikumwachia mama peke yake dhamira ya kuacha. Liligusa anayetengeneza, anayeingiza na anayeuza, dukani mifuko mbadala ikawepo na vikapu vikarudi sokoni, basi ukaamka mfuko wa rambo haupo, maisha yakaendelea. Palipolegea ni kwenye ile mifuko laini ya kufungashia, mwenye duka la jumla akiendelea kuileta inageuka ya kubebea.

Chupa za maji nazo huzikuti zimezagaa sana kama zamani, zinauzwa kwa kilo, watoto na wazee wanaziokota kabla hujamaliza kunywa.

Kinachotushinda sasa ni pampasi. Haina mnunuzi, haiozi, ukichoma inafuka moshi mpaka jirani anakuja, ukitupa chooni choo kinaziba na yale mabomba membamba yanaziba nayo. Mama mwenye mtoto mchanga kule juu kabisa anazifunga kwenye kifuko anazitupa nyuma ya jiwe akisubiri giza. Mwenye mpango wa kampeni mwaka huu, aanze na hizo, aje na chombo chenye mfuniko kila kichochoro na kijana wa kukishusha anayelipwa, semina tutahudhuria baadaye.